Usitue Mzigo Juu ya Aliyelala

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Nilikuwa kijana, nimerudi Tabora na stashahada ya kompyuta. Baba alilima tumbaku Usinge. Nilijisomesha mwenyewe kwa kubeba magunia. Najisifu, ndiyo. Kilichovujiwa jasho kisifiwe.

Shangazi Tausi wa Kanyenye alinisimulia, nami nikachapa, majina ya wapagazi wa ukoo wetu waliobeba pembe za ndovu hadi pwani, kila mmoja na alikozikwa. Ni yeye tu aliyebaki akiyajua. Ndugu wa Nzega walitaka sehemu yao, basi nikaamua kuyakata maandishi yale vipande. Nyumbani kwake, mbele yake na ya shemeji zangu, nikaandika kwenye kompyuta amri moja ya kukata, split, na faili refu likazaa mafaili madogo: xaa, xab, xac. Wakaguna kwa mshangao. Nikalifuta lile refu, nikijiona msafi wa kazi.

Shemeji mmoja akanichokoza kwamba nimebahatisha tu, nirudie. Nikachukua ripoti yangu ya stashahada, niliyoipenda kama mchumba, nikaikata palepale, ndani ya folda ileile. Amri haikuuliza neno.

"Haya, nisomee habari za babu yangu," akasema Shangazi.

Nikafungua xaa. Ripoti yangu. Xab, ripoti yangu. Xac, ripoti yangu. Kumbe chombo kile huvipa vipande majina yaleyale kila mara. Vipya vilikalia mahali pa vya kwanza, na vya kwanza havikuwapo tena. Yule mchokozi akaondoka bila kuaga.

Shangazi hakupandisha sauti. "Baba, babu yangu alikuwa mpagazi. Kambini hakutua mzigo kabla ya kupapasa chini aone nani amelala. Wewe umemtulia mzigo usoni."

Akanisimulia upya, wiki nzima. Majina matatu hayakurudi. Akifika pale alirukia jina lililofuata, nami nikaacha mstari mtupu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kabla hujakata, weka nakala. Kila kazi ipe folda yake, na vipande vyake uvipe jina lake. Usifute asili mpaka mwenye maneno ameviona vipande akaridhika; na anayekutaka urudie ili akusifu, mwache aondoke na njaa yake.

Stashahada yangu ingali ukutani. Chini yake nimebandika karatasi yenye mistari mitatu mitupu. Mungu akupe, mwanangu, mkono mwepesi wa kutenda na mzito wa kufuta. Amina.