Mkwe Wangu na Uwanja wa Gofu wa Mlimani

Uongo wangu ulianza na neno moja, tena neno la adabu. Binti yetu alikuwa amewaleta wazazi wa mchumba wake nyumbani kwetu Rooty Hill, pembeni mwa jiji la Sydney, ili tufahamiane. Mke wangu alipika pilau, nami nikavaa shati la kanisani. Baba wa kijana alikuwa mtu mrefu mwenye nywele nyeupe, aliyekuja Sydney kutoka kisiwa cha Kipro akiwa kijana, na sasa ana ghala kubwa la vigae huko Wetherill Park. Alipomaliza kuisifu pilau akaniuliza, "Mkwe, unacheza gofu?"

"Kidogo," nikasema.

Nilikokulia mimi, fundi hodari ukimuuliza kama anajua kazi atakujibu kwamba anajua kidogo. Nadhani na kwao ni hivyo hivyo, maana aliniangalia kwa heshima mpya. Akasema harusi itafanyika kisiwani kwao baada ya miezi minane, na siku moja kabla yake tutacheza sisi wawili kwenye uwanja wa mlimani ambao umewashinda wengi. Halafu akaniuliza kazi yangu. Nikajibu kwamba niko kwenye mambo ya afya. Akaitikia kwa kichwa taratibu, nikaona wazi kwamba amenifanya daktari, nami nikamwacha hapo hapo. Mke wangu alinitazama kama mtu anayemtazama jirani akipanda juu ya paa kwa ngazi mbovu.

Ukweli ni kwamba ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ninawaogesha, ninawavalisha, ninawainua kitandani na kuwaketisha. Kazi hiyo naipenda na imenisomeshea watoto. Ila usiku ule, mbele ya mtu mwenye ghala, niliona haya kuitaja. Na fimbo ya gofu nilikuwa nimeishika mara moja tu maishani, kwenye tafrija ya wafanyakazi, nikachimba shimo la kupandia mgomba.

Wageni walipoondoka mke wangu alisema, "Baba watoto, mwambie kesho."

"Nitajifunza," nikamwambia. "Miezi minane ni mingi."

Kila Jumamosi nilikwenda kwenye uwanja wa umma usio mbali na kwetu. Nilifundishwa na mtu aliyestaafu ambaye kila nikipiga alifumba macho. Kufikia mwezi wa saba wa mafunzo niliweza kuupeleka mpira mbele, mara nyingi. Nikajiona nimeiva. Uwanja ule ulikuwa tambarare kama meza, na sikufikiria hata siku moja kwamba neno "mlima" lingekuwa na maana yoyote.

Kipro nilikuwa nakisikia kanisani tu, katika safari za mitume. Sasa nikawa nimesimama juu yake nimevaa suruali ya miraba myekundu, kwa kuwa nilidhani wacheza gofu ndivyo wanavyovaa. Hakuna mwingine aliyevaa hivyo. Uwanja ulikuwa umekatwa ubavuni mwa mlima, misonobari huku, majabali meupe kule, na katikati makorongo ambayo hata mbuzi angeyafikiria mara mbili. Bendera ya shimo la kwanza ilikuwa chini yetu kabisa, ndogo kama kijiti cha kuchokolea meno.

Mkwe alipiga wa kwanza. Mpira wake ukaruka, ukaelea, ukatua karibu na bendera. Nikaja mimi. Mpira wangu ulipiga jabali, ukarudi, ukatupita vichwani na kuingia kwenye maegesho ya magari. Tulisikia kitu kikilia kama bati.

"Upepo," Mkwe akasema kwa upole.

"Ndiyo, upepo," nikasema. Hata jani halikuwa likitikisika.

Shimo la pili nikalaumu fimbo za kukodi. La tatu nikalaumu uchovu wa safari ya ndege. La nne sikulaumu kitu, kwa sababu mpira ulibaki pale pale na ni fimbo iliyoruka bondeni. Nilikuwa nimekuja na mipira kumi na miwili, na tulipofika shimo la sita nilikuwa na mitatu. Mkwe hakunicheka. Kila mara aliniambia tu, "Leo si siku yako," na huo wema wake ndio ulioniumiza. Angenicheka ningepumua.

Katika shimo la sita mpira wangu ulidondoka kwenye korongo na kukwama kati ya mawe, mahali tulipoweza kuuona. Nilimsihi auache. Akakataa. "Wewe ni mgeni wangu," akasema, akaanza kushuka kunitafutia mpira ambao mimi mwenyewe sikuutaka tena. Alipiga hatua tano. Ya sita jiwe likateleza, naye akaenda nalo.

Nilishuka kwa makalio, na suruali ya miraba ikachanika. Nilimkuta ameketi, amekunja uso, ameshika kifundo cha mguu. Na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, mikono yangu ilijua la kufanya. Nilimvua kiatu taratibu, nikamwambia achezeshe vidole, nikapapasa mfupa. Haukuvunjika. Nikavua shati na kumfunga mguu kwa nguvu ya kiasi. Kisha nikachuchumaa mbele yake.

"Weka chini mguu usiouma," nikamwambia. "Inama mpaka pua ipite vidole vya miguu. Usinivute shingo, nishike hapa. Moja, mbili, tatu."

Akasimama kama aliyeinuliwa na mashine.

"Mkwe," akasema, "daktari hawezi kumwinua mtu hivi."

"Mimi si daktari. Ninawaogesha wazee. Na gofu sijui."

Tulipanda korongo hatua kwa hatua, mkono wake begani kwangu, nami kifua wazi, nikiamini kwamba nimemharibia binti yangu ndoa. Juu tulikaa kwenye ukuta mfupi wa mawe. Nikaanza kuhesabu misonobari.

"Mama yangu alikaa kwenye nyumba ya wazee miaka mitatu, huko huko Sydney," akasema mwishowe. "Kila Jumapili nilimkuta msafi, amechanwa nywele. Sikuwahi kuuliza ni nani aliyemchana." Akaligusa shati langu mguuni mwake. "Lakini kwenye gofu ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Miezi minane?"

"Miezi minane nilikuwa najifunza."

Hapo alianza kucheka. Alicheka akashika mbavu, akashika mguu, akaugua, akacheka tena. Alipotulia akasema, "Umebakiwa na mipira miwili. Hebu piga mmoja. Nataka kukutazama sasa nikijua ninachokitazama."

Nikapiga. Ulikwenda korongoni moja kwa moja, na Mkwe akapiga makofi.

Binti yetu alipotuona tukirudi kwenye kigari cha umeme, mmoja hana shati na mwingine hana kiatu, alinifokea kwa Kiingereza chote alichosomeshwa. Mke wangu hakufoka. Aliniletea shati na kuniuliza, "Umemwambia?" Nikaitikia kwa kichwa. "Afadhali," akasema, akaenda kutafuta barafu.

Harusi ilifanyika. Mkwe alitembea na fimbo ya kutembelea, na ilipofika zamu yake ya kucheza ngoma ya kwao alicheza kwa mabega tu, ameketi. Kila meza aliyopita aliwasimulia kisa kile kwa lugha yao. Sikuelewa hata neno, ila niliona shangazi baada ya shangazi akigeuka kunitafuta kwa macho, na jioni ile nilishikwa mashavu na watu nisiowajua mara nyingi kuliko maisha yangu yote.

Tangu arudi Sydney, Mkwe huja kazini kwetu kila Jumatano. Tuna bibi mmoja wa kwao ambaye Kiingereza kimemtoka kichwani, na miezi mingi alikuwa haongei na mtu. Sasa anaongea na Mkwe, wanacheza karata, wanabishana. Mimi nimemwogesha bibi huyo miaka minne, na juzi alimuuliza Mkwe kama yule mtu wa sabuni naye ana jina.