Anatoa za Nani?

Nakumbuka alasiri moja ya joto kule Muhoroni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, matrekta ya miwa yakipita nje na kutikisa madirisha ya ofisi yetu ndogo. Mwanangu, umeniambia unataka kazi ya kusimamia uwekezaji wa watu. Kaa kwanza. Mimi kazi hiyo imenichosha, lakini nitakusimulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, shahada ya biashara, na tai moja niliyoifua kila jioni. Chama cha akiba cha vibarua wa miwa na madereva kilikuwa kimeniajiri nitunze fedha zao za uzeeni. Sehemu ilikuwa katika hatifungani za serikali, sehemu benki, sehemu katika nyumba za kupangisha mtaa wa Migosi, mjini Kisumu. Zilikua polepole, kama mtoto anavyokua mbele yako usimwone akikua. Mimi nilitaka zionekane. Nilitaka wakubwa wa Nairobi wasikie jina langu, waniite.

Basi alasiri ile nikaishauri kamati tuuze kila kitu, tuweke fedha zote katika kampuni ya tajiri mmoja wa Kisumu, mtu wa kwetu, aliyelipa riba maradufu ya benki. Hakuna aliyeuliza faida hiyo ilitoka wapi. Sote tulimjua yule bwana. Ni matanga gani hakuonekana? Alinunua majeneza, alichinja fahali, alilia na wajane. Kwetu mtu wa namna hiyo haulizwi vitabu vyake vya hesabu.

Mzee Odera pekee aliinua mkono. Alikuwa dereva wa trekta, amebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Huyo bwana anatoa sana matangani," alisema. "Anatoa za nani?"

"Mzee, huo ni wivu," mjumbe mmoja akamtania. "Wewe mara ya mwisho ulitoa jogoo, tena alikuwa anakohoa."

Watu wakacheka. Mzee naye alicheka kidogo, kisha akanigeukia. "Kijana, ng'ombe wangu wako katika nyumba tano, kwa marafiki, toka hapa mpaka Awasi. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu hupendi kuchunga, Mzee."

Wakacheka zaidi. Jibu lile ndilo lililonipa kura, mwanangu. Nimelibeba mpaka leo.

Kampuni ilifungwa kabla mwaka haujaisha. Nilikwenda Kisumu nikakuta kufuli mlangoni na umati barabarani. Mwenyewe hajulikani aliko. Nikarudi Muhoroni, nikajifungia chumbani siku tatu. Siku ya nne Mzee Odera alinigongea.

"Vaa viatu," akasema. "Twende tukaone ng'ombe."

Tulitembea tangu asubuhi, udongo mweusi ukituganda miguuni. Katika nyumba ya kwanza ng'ombe wake wawili walikuwa wazima. Katika ya pili ugonjwa ulikuwa umewamaliza wote; mwenyeji alieleza akiangalia chini. Mzee akamshika bega, akanywa uji wake, tukaendelea. Katika ya tatu kulikuwa na ndama mpya, bado miguu inamtetemeka. Njia nzima Mzee hakunihubiria. Tulipokaribia Awasi tukakaa kando ya barabara kupumzika, na hapo ndipo aliponena.

"Mimi nitakula. Wenzangu hawakuwa na ng'ombe kwa mtu. Walikuwa na wewe."

Nikakwangua udongo mweusi viatuni.

"Kesho uende uwaambie mwenyewe," akaongeza. "Usitume barua."

Nilikwenda, mlango kwa mlango. Mama mmoja, aliyepalilia miwa ya watu tangu usichana wake, alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha kiti, kisha akauliza kwa upole, "Kwa hivyo, baba, nije Ijumaa kuchukua fedha zangu?"

Ilinibidi nimweleze tena.

Nimefanya kazi hii miaka mingi baada ya hapo, na kila hati ninayoitia sahihi namsikia yule mama akiniuliza. Kama bado unaitaka, mwanangu, ichukue. Lakini fedha za watu zigawe mahali mbalimbali, hata wakikucheka kwamba wewe ni mwoga. Uliza faida inatoka wapi, na uulize zaidi pale unapompenda anayekujibu. Mzee akiinua mkono kikaoni, mwache amalize. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, nenda mwenyewe hadi mlangoni, usimame pale mpaka waelewe.

Mungu akulinde na swali la yule mama. Akujalie uzee ambao, ukipita kwa wale uliowatunzia, watakuita ndani wakupe uji, nawe uweze kuunywa.