Kadi ya Mjomba

Juzi nilipita kwa pikipiki karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, nikaona wanawake wanakata mafunjo. Nikamwomba dereva asimame kidogo. Alidhani nimeangusha kitu. Ndugu yangu, ningemweleza nini? Kwamba nyumbani kwetu mafunjo yale yaliwahi kuwa kadi za harusi?

Dada yangu mkubwa ndiye aliyeamua kujitengenezea mialiko yake. Alikuwa ameona kadi iliyochapwa Lubumbashi, yenye maua ya dhahabu, akaidharau. Basi likizo ile nzima tulimenya mafunjo, tukayapasua vipande vyembamba, tukayakausha chini ya mawe, naye akayapiga pasi ya makaa mpaka yakanyooka. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo, nami nilikuwa naulamba kila akinipa mgongo. Vipande alivibandika pembeni mwa karatasi ngumu nyeupe, katikati akaandika kwa mwandiko wake wa shule, kisha kila kadi akaifunga kwa uzi wa wavu aliouomba kwa mjomba. Ukigusa karatasi kwa kidole chenye mafuta ya samaki wa mikebuka, unakula kofi. Nilikula kadhaa.

Mjomba, kaka ya mama, alikuwa mvuvi, na baba yetu alipofariki ndiye aliyetulea. Tena kwetu Watabwa, hata baba akiwa hai, neno la mjomba ndilo wakwe wanalolisubiri. Kadi yake dada aliitengeneza ya kwanza, ikawa nzuri kuliko zote, akanituma niipeleke ufukweni. Nilimpa kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Alikuwa amesoma kwa mapadri kule Moba, kwa hiyo aliisoma yote, polepole, kisha akanirudishia.

“Muntu anaalikwa kwa ndoa ya mutoto wake?” aliniuliza. “Basi mimi njo mugeni.”

Akaendelea kushona wavu wake.

Siku tatu hakukanyaga kwetu. Mama alikaa jikoni, bukari, ugali wetu wa muhogo, ikipoa mbele yake. Bila mjomba hapangekuwa na mtu wa kuwajibu wakwe, na harusi isingefanyika. Dada alikasirika kwanza, kisha akalia. Alikuwa ametaka kumheshimu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Siku ya nne akanituma kwa majirani kuziomba kadi tulizokwisha kugawa, na nakwambia, aibu kama ile sijaiona tena. Kisha tukaenda ufukweni wote wawili. Alipiga magoti kwenye mchanga, akaweka kadi zote na kalamu ya biki mbele ya mjomba.

“Mujomba, kosa ni yangu. Andika jina yako pa juu. Wewe njo unaalika.”

Mjomba alijifuta mikono kwenye suruali, akaanza kuandika. Aliandika moja moja mpaka jua likawa la utosi, vidole vikiacha magamba na alama za mafuta juu ya kazi ile safi. Dada alikuwa akizipokea na kuzipanga, machozi yakimtoka.

Mjomba tulimzika zamani, na siku ya matanga tulitafuta kadi hata moja yenye mkono wake, hatukuipata. Watu walikuwa wamezitumia kuwashia moto jikoni. Dada naye ametangulia, akamwacha binti aliyekulia mbali nasi.

Siku hizi kadi zinaingia kwenye simu, picha moja kwa watu wote. Wiki iliyopita niliipokea ya huyo binti. Ni nzuri, siwezi kusema uongo, na jina langu limeandikwa bila kosa: mimi na familia yangu tunaalikwa kwa heshima. Mimi ndiye kaka ya mama yake, wa pekee aliyebaki. Iliniuma sana. Nilianza kumwandikia yale maneno ya mjomba, nikayafuta, kwa sababu hakuna aliyemfundisha.

Nikamjibu: Asante mwanangu, nitafika.