Jina Ambalo Tusekile Hakulitaja

Mke wangu Tusekile alifanya kazi ya kadi kwenye zahanati ya kanisa, upande wetu wa Ipyana, miaka kumi na moja. Alifariki mwaka jana, mwezi wa nane. Mimi sikusoma shule. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, basi nitaandika machache.

Kazi ya kadi ni hii. Mgonjwa anafika, anataja jina na kijiji. Karani anachomoa kadi yake kabatini, mganga anaisoma ndipo anatibu. Kadi inasema huyu aliugua nini, alipewa dawa gani, na dawa gani inamdhuru.

Mwaka wa tisini na tatu Jeni, mama wa hapa kijijini, alimleta mwanawe Emanueli, ana homa. Tusekile akachomoa kadi ya Emanueli wa Ipyana. Mganga Hezroni akaisoma, hakuona katazo, akamchoma mtoto penisilini. Mtoto akavimba midomo, pumzi ikakatika-katika. Walihangaika naye mpaka jua la utosi ndipo akarudi.

Kadi ilikuwa ya Emanueli mwingine. Kadi yake mwenyewe ilikuwa humo humo kabatini, na ilikuwa na maneno mekundu: penisilini hapana. Jeni alijua kuna sindano mbaya kwa mwanawe. Ni ipi, hakuna aliyewahi kumwambia.

Kosa lilianzia siku kadi ilipoandikwa. Mtoto huyo ni Emanueli Angetile. Angetile ni babu yake, yaani mkwe wa Jeni. Kwetu mke hataji jina la baba mkwe, hata likiwa la mtu mwingine. Jeni alinyamaza. Tusekile alilijua jina lile, lakini baba yangu naye aliitwa Angetile. Akanyamaza pia, na mkono wake haukuandika. Wanawake wawili wanalijua jina, wanatazamana, kadi ikaenda kabatini na jina nusu.

Hezroni alikasirika. Akasema kuanzia sasa kila mama atataja jina kamili, asiyetaka arudi kwake. Na karani asiyeweza kuandika jina atafutiwa kazi nyingine.

Siku ile Tusekile hakula. Nilimwambia baba yangu yuko kaburini miaka mingi, amtaje tu yaishe.

"Kufa hakumwondolei heshima," alisema. "Na nikiwalazimisha wenzangu watabaki nyumbani na watoto wao wagonjwa. Kosa ni la kadi zangu. Nitalitengeneza."

Alimwomba Hezroni miezi mitatu. Akapewa.

Wiki nzima alichora uani kwa kijiti, anafuta, anachora. Halafu akanieleza. Kila mtu atakuwa na namba. Kadi zitapangwa kwa namba. Namba atatembea nayo mwenyewe, ili asiulizwe jina mbele ya watu. Karatasi haifai, mvua zetu unazijua. Akasema itakuwa udongo.

Tukaenda Matema siku ya soko, kwa Maria, mfinyanzi wa kabila la Wakisi. Tusekile alimwagiza vigae vidogo vya duara, vyenye tundu la uzi, namba ichorwe udongo ukiwa mbichi kisha vichomwe.

Maria alicheka sana. "Mama, siku hizi unawapikia panya?"

"Chako nitakipa namba moja," Tusekile akamjibu, "uache kucheka."

Majina, pamoja na dawa inayomdhuru kila mtu, yaliwekwa kwenye daftari, ya akina Angetile akiyaandika Hezroni. Daftari likawekwa kwenye sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Hezroni, mmoja kwake. Hakuna aliyefungua peke yake. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya dawa yanachipuka kila njia panda. Mwenye duka mmoja alikuja kuomba anakili nani anaumwa nini, awapelekee dawa majumbani. Tusekile alimwambia aende akawaulize wenyewe, wakimpiga kwa mwiko asirudi kulalamika.

Kila Ijumaa alasiri, Hezroni akiwapo na ufunguo wake, tulinakili daftari la pili, la akiba. Mimi nasoma, kidole kwenye mstari, yeye anaandika. Tukifika kwa akina Angetile ananisukumia kalamu. Herufi zangu zilikwenda kama kaa mchangani. Hakucheka. Alikagua namba, akaendelea. Daftari hilo tulilifunga nailoni, tukalitia kwenye chungu chenye kifuniko, tukakipandisha kwenye dari ya kanisa, lililo mwinukoni.

Hezroni alisema huo ni usumbufu. Miezi mitatu ikapita, hakuna kadi iliyokosewa. Akaacha kulalamika.

Masika ya tisini na sita mto Kiwira ulifurika usiku mmoja. Asubuhi zahanati ilikuwa na maji ya kufika kifuani. Kabati lilikuwa limelala chali, kadi zimekuwa uji. Sanduku hatukuliona tena.

Tiba ikahamia kanisani. Hezroni alikuwa amekwama ng'ambo ya mto. Alikuwapo muuguzi mgeni, Doreen, ametumwa kusaidia. Jeni akafika na Emanueli mgongoni, anatetemeka kwa homa, kifua kinakoroma. Doreen akauliza jina. Jeni akasema Emanueli, akaishia hapo. Doreen akaanza kuvuta dawa kwenye sindano. Ilikuwa penisilini, wala hakumwambia Jeni ni dawa gani.

Tusekile alimshika mkono. "Binti yangu, subiri. Kigae kiko wapi?"

Jeni alikitoa shingoni mwa mtoto. Mia moja kumi na saba. Mimi nilikuwa nimeshapanda ngazi. Chungu kilikuwa kikavu. Tulilifungua daftari juu ya meza ya Bwana, na mstari ule ulikuwa wa mkono wangu. Emanueli Angetile. Penisilini hapana.

Nilisoma kwa sauti. Doreen aliirudisha sindano kwenye trei, akatafuta dawa nyingine. Jeni akakaa chini sakafuni. Akashukuru, "Ndaga, mama." Tusekile alikuwa ameshamwita mwenye kigae kinachofuata.

Nilipomzika niliombwa niseme neno, sikuweza. Neno langu ndilo hili.

Zahanati ina karani mpya sasa, na vigae bado vinatoka Matema. Ila daftari la pili halikuwa na mtu wa kuliandika. Jeni akaja mwenyewe, akaniita baba, akasema, "Tata, Ijumaa nitaandika mimi, wewe usome." Tunafanya hivyo. Tukifika mia moja kumi na saba anaweka kalamu mezani, anatazama mlangoni. Naichukua, naandika.