Surely ya Mama

Mama alikuwa na neno moja tu la Kiingereza, na hakulitumia ovyo. Alisema surely. Shuleni mwalimu alituambia maana yake ni kwa hakika. Sokoni Suna, ambako mama aliuza omena, dagaa wa ziwani, tangu sijazaliwa, lilikuwa neno la pale hakika inapokwisha: umetaja bei, umeisifu omena yako, mnunuzi amejifanya anaondoka, na bado hamjaelewana. Hapo mnunuzi anaweka kiganja juu ya gorogoro, lile kopo la kupimia, anakutazama, anasema surely. Mara moja. Baada ya hapo muuzaji ana mawili: aongeze, au avute kopo lake. Kubishana tena ni kukosa adabu. Na ukilisema mara mbili, mama alinifundisha, thamani yake inashuka kuliko omena iliyonyeshewa.

Alipolazwa Homa Bay, daktari kijana alinivuta kando akaniambia, surely, mama atapata nafuu. Kabla hatujafika mlangoni akalirudia. Nikazihesabu surely zote mbili, nikajua.

Lakini kujua si kukubali. Mama alitaka kurudi nyumbani, aketi mlangoni kwake. Mimi nikaanza kazi ninayoiweza, kupatana. Nikamwambia tungoje dripu iishe. Ikaisha. Tungoje majibu ya maabara. Yakaja. Nikasema basi Sabato ipite, nikijua yeye, Msabato mwenzangu, hawezi kuikataa hiyo. Alinisikiliza kama alivyowasikiliza wachuuzi wa kisiwa cha Remba wakiapa kwamba ziwa halina kitu. Kisha akaweka kiganja juu ya mkono wangu.

"Surely, nyara."

Kwa Kijaluo, nyara maana yake ni binti yangu. Nilitafuta kopo la kuvuta, sikuwa nalo. Nikaenda kutafuta gari.

Tulifika Suna jua bado lipo. Akaketi mlangoni, shuka miguuni, akauliza omena inaendaje siku hizi. Nikamtajia bei. Akasema huo ni wizi, akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza.

Sabato ile hakuifikia. Majirani walipoingia walinikuta nimekishika kiganja chake, nasema surely, mama, surely, tena na tena, na kila nikilirudia nasikia bei yake ikishuka.