Ubani Katika Mtungi wa Bibi

Wengine wakisikia harufu ya ubani hukumbuka maulidi. Mimi hushikwa na kiu.

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilikuwa na kisima uani, na miaka ile baada ya Mapinduzi majirani wa kichochoro kizima walikuja kuteka kwetu, ingawa bomba la mtaa halikuwa mbali. Bibi yangu alikionea fahari kisima kile kuliko dhahabu zake. Mtungi wa maji ya kunywa aliufukiza mwenyewe: aliupindua juu ya chetezo mpaka moshi wa ubani ukashika ndani, ndipo akautia maji. Ukinywa, harufu inapanda puani na ubaridi unashuka kooni, raha tupu.

Masika moja maji yakaharibika. Shimo la choo la nyumba ya pili lilikuwa nyuma ya ukuta wetu tu, na mvua ilinyesha kwelikweli. Tumbo likanisokota, Bibi akalaumu maembe mabichi, kisha akazidisha ubani. Tukawa tunakunywa moshi. Majirani waliendelea kuja na kusifu, jirani yetu Bi Rukia akiwa mbele: "Maji yako hayana mfano, bibie."

Siku moja nikamwona Bi Rukia akitoka kwetu na ndoo imejaa. Alipopinda kona akaimwaga yote mtaroni. Nikarudi mbio kumsemea.

"Una hakika?" Bibi akaniuliza.

"Naam, Bibi. Yote."

Akateka maji kisimani, yasiyo na ubani, akaonja. Akayatema. Nilidhani patawaka moto.

Kesho yake aliwaita majirani kunywa kahawa. Bi Rukia akapiga funda, akasifu maji kama kawaida yake.

"Ya bomba hayo," Bibi akasema. "Nlikwenda kuyateka alfajiri. Kisima nshakifunga, nawe acha kujiumiza mgongo kwa kunionea haya."

Bi Rukia akakitua kikombe chake.

"Na ndoo yenyewe nzito ile," akasema Bi Rukia, na wote wawili wakacheka mpaka machozi.

Mimi nilinuna. Nilimwona mnafiki aliyefumaniwa. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba Bi Rukia alikuwa akipanga foleni bombani kupata maji yake, kisha akapitia kwetu kubeba ndoo ya kumwaga, ili Bibi asikae na kisima chake peke yake. Sasa nikisikia ubani, baada ya kiu, humwombea dua na yeye.