Honi ya Treni na Gesi ya Nyota Changa

Mume wangu Michée hakuwahi kuwa mtu wa kunyamaza, na upofu haukumfundisha. Miaka ishirini na sita alifanya kazi ya kubadilisha reli hapa stesheni ya Kalemie, kila treni akiipa njia yake, mpaka macho yakazimika. Tangu hapo anakaa barazani, na treni ikilia anageuza uso kuifuata hadi sauti iishe. Nilidhani anaililia kazi, na nilimkaripia sana. Mungu anisamehe.

Binti yetu Léontine alisoma fizikia chuo kikuu cha hapa mjini. Mwezi wa saba alisimama mbele ya maprofesa kutetea kazi yake ya mwisho, akashindwa. Kazi yenyewe ilihusu galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, tena zile changa zilizo mbali kupita akili. Aliandika kwamba gesi iliyomo ndani yake inakwenda. Profesa Wilfried, mwenyekiti wao, akauliza: picha haisogei, wewe umejuaje? Mtoto akababaika mpaka wakamwambia arudi mwezi wa tisa. Akishindwa tena, masomo yote yamekwenda na maji.

Jumapili moja baba yake akamuuliza swali lile lile.

"Ni mwangaza, Papa," alisema Léontine. "Upande wa gesi wenye kuja kwetu, mawimbi ya mwangaza wake yanabanwa kidogo. Upande wenye kutuacha, yanavutwa. Tunalinganisha pande mbili, tunajua inazunguka."

Michée alijipiga kofi gotini. "Njo honi ya treni, ni kitu kimoja! Ikikuja, sauti iko nyembamba. Ikishakupita, inakuwa nene. Hata ukungu ukifunika reli, nilijua treni inakuja ao inaenda." Kisha akashusha sauti. "Na hizo galaksi, zote zinazunguka vizuri?"

"Hapana, Papa. Zenye zingali changa, mara nyingi gesi inaenda kila upande, fujo tu. Zikikomaa, nyingi zinatulia, gesi inazunguka pamoja. Tukipima fujo na muzunguko, tunajua galaksi imekomaa mpaka wapi. Na huo mwangaza ulitoka kule wakati dunia hii haikuwako bado."

Nilikuwa nachagua mchele. Mikono ikasimama yenyewe. Hakuna ziwa, hakuna mto Lukuga, hakuna hata udongo wa kukanyaga, na mwangaza ulikuwa umeshaanza safari ya kuja kwa binti yangu! Niliogopa, nikafurahi, nikaogopa tena.

Mwezi wa tisa tulikwenda wote chuoni, mimi na kopo langu la poda mkobani, maana kwetu mtoto akifaulu lazima amwagiwe poda kichwani. Profesa Wilfried akauliza swali lake. Léontine akafungua mdomo, akaufunga. Nikalishika lile kopo kwa mikono miwili.

Ndipo Michée, pale kando yangu, akapiga honi. Kwa mdomo wake! Ikaanza nyembamba, kali. Halafu ikanenepa, ikaondoka. Nilimfinya paja, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Papa, hapa si stesheni," alisema Profesa.

"Mutusamehe, Profesa," alijibu Léontine, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Huyu ni papa yangu. Haoni. Muniulize basi: alikuwa anajuaje treni imepita?"

Akaeleza yote, tangu honi mpaka gesi, bila kutazama karatasi. Walimpa alama nzuri. Poda niliwamwagia wote wawili, baba na binti.

Tulirudi kwa miguu kando ya reli, weupe kama watu waliotoka kusaga unga. Treni ya kwenda Nyunzu ikatukuta njiani, ikipiga honi mfululizo. Michée akasimama, akageuza uso kama kawaida yake. Safari hii na mimi nikasimama, nikafumba macho.

Nyembamba. Ilipotupita tu, nene.

Miaka thelathini na moja nimelala jirani na reli hii, na sikuwahi kulisikia jambo hilo. Nikamshika mkono. "Inaenda," nilimwambia.

"Sasa na wewe unaona, Mama Léontine," alisema.